Mvua Iliyosingiziwa

Maiti ilikuwa chini kwenye shimo la machimbo ya mawe, kifudifudi kwenye matope. Mvua ilikuwa imekatika, lakini Inspekta alishalowa hadi soksi. Hii ilikuwa siku yake ya tisa bila mapumziko, na mkuu wake alitaka jalada lifungwe jioni hiyohiyo: mzee kateleza, basi.

"Kateleza, daktari?"

"Shingo imevunjika. Lakini mtazame mikono. Hizi ni alama za vidole. Huyu alishikwa kabla ya kuanguka."

Inspekta alishusha pumzi. Kulala kulikuwa kumeahirishwa tena.

Marehemu alikuwa mpima ardhi. Asubuhi hiyo alikuwa kazini na mpwa wake, yatima aliyemlea na kumfundisha kazi. Kila mmoja alikuwa na kifaa chake cha setilaiti, kilichofungwa juu ya fimbo, kinachoandika chenyewe kila dakika mahali kilipo.

Mjane alimngoja kituoni, mkoba wa mumewe mapajani.

"Usiniandikie kateleza, mwanangu. Mume wangu aliogopa hata ukingo wa kitanda. Miaka thelathini nimelala mimi upande wa nje." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio. Inspekta aliona aibu kwamba alikuwa anawaza kwenda nyumbani.

Mpwa alikuwa katika chumba cha mahojiano.

"Saa nne na dakika kumi, mjomba wako alipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Langoni, afande. Mita mia tatu kutoka kwa mjomba."

"Kifaa chako kinasema ulikuwa ukingoni."

"Mvua hiyo. Mawingu yakijaa setilaiti zinachanganyikiwa. Kila mtu anajua."

Kweli, hata Inspekta alijua hivyo. Lakini maneno ya barazani si ushahidi, kwa hiyo alipanda ngazi za ofisi ya vipimo, magoti yakilalamika kila hatua.

"Unyevu wa angani huchelewesha mawimbi kidogo," alisema fundi. "Kwa kifaa kama hiki, mvua kubwa itakukosesha sentimita chache. Dhoruba za jua husumbua zaidi, lakini leo jua limetulia."

"Mita mia tatu je?"

"Wapi! Halafu tazama kifaa cha mzee. Mvua ileile, dakika ileile, na kimeandika palepale alipoangukia. Au mvua ilimwonea mpwa peke yake?"

Inspekta alirudi kituoni, akaomba mkoba, akafungua daftari la marehemu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na vipimo vya tuta la mto, lile lililozidiwa na maji msimu uliopita, watu wanne wakafa. Aliyelipima ni mpwa, na ripoti yake ililaumu hali ya hewa. Chini ya vipimo hivyo mzee alikuwa ameandika: *Fimbo mita mbili. Kifaa kimeambiwa moja na nusu.*

Akaliweka daftari mezani. Mpwa aliusoma mstari wa mwisho, akalifunga.

"Niliirefusha fimbo ipite majani marefu," alisema. "Nikasahau kubadilisha namba kwenye kifaa. Kikaonyesha tuta liko juu nusu mita kuliko lilivyo, kumbe ni fupi. Nilisahau tu, afande."

"Ukaisingizia mvua."

"Waliniamini. Hakuna aliyeuliza swali hata moja."

"Isipokuwa mjomba wako."

"Alitaka niende kwa wafiwa, nyumba kwa nyumba, niseme kwa mdomo wangu. Akasema tutakwenda wote, yeye atasimama karibu yangu. Nikamsihi anyamaze. Akakataa. Nikamshika mikono, nikamtikisa, nikamsukuma. Angesimama kweli, afande. Mjomba hakuwa mtu wa kuniacha peke yangu."

Inspekta alimsainisha maelezo, akatoka. Mjane aliinuka haraka kwenye benchi.

"Mmemaliza na mtoto wangu? Mwacheni ale, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni."

Inspekta alimkalisha, naye akaketi kando yake. Alitafuta namna nzuri ya kusema, akaikosa.

"Ni yeye, mama," alisema.