Tangi la Dinka si Sufuria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dinka aliteremka ngazi za mawe hadi bandarini akiwa na ndoo ya plastiki. Hakuchota maji pale boti zilipofungwa, kwa sababu pale yalielea mafuta ya dizeli. Alitembea mpaka ncha ya gati, akalala kifudifudi, akaizamisha ndoo kwa kamba. Wakati wa kurudi aliibeba kwa mikono miwili, maji yakimlowesha soksi. Na kila asubuhi Tonči, ambaye walikaa dawati moja, alikuwa keshapanda juu ya ukuta wa kwao akila mkate, akimsubiri apite.

"Brudet yako imefikia wapi?" aliuliza Tonči asubuhi hiyo. "Tia nyanya na kitunguu tu, mbona iko tayari."

Siku nyingine Dinka angemjibu kwamba nyanya aanze kutia kwenye kichwa chake mwenyewe. Siku hiyo alipita kimya, midomo kaibana, maana utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Brudet ni mchuzi ambao hapa Komiža, mji wa wavuvi nchini Kroatia, hupikwa kwa samaki wa aina nyingi pamoja, na kadiri aina zinavyozidi ndivyo mpishi anavyosifiwa. Tangi lake la kioo, la kufugia samaki, lilikuwa linaelekea hukohuko. Na aliyelipeleka huko alikuwa baba yake.

Tangi lenyewe lilikuwa dogo. Lilitosha juu ya kabati la viatu, mlangoni. Shangazi yake alipohama alimwachia, na Dinka alilianza taratibu, kama alivyoelekezwa na mwalimu wa sayansi. Mwalimu alimwambia kwamba maji machache huchafuka haraka, kwa hiyo samaki wawe wachache. Wawe wadogo, tena wa aina inayobaki ndogo hata ikizeeka. Wawe wa kukaa kwenye mawe, si wa kuzunguka huku na huku wakitafuta bahari. Na kabla ya kumtia mmoja, aangalie kwanza mdomo wake, kisha aangalie kama mwenzake anaweza kuenea humo.

Dinka alizunguka miambani wiki nzima, akakataa wengi. Mwishowe alichagua babica wawili, dume na jike. Babica ni kisamaki kisicho na magamba, kirefu kama kidole, chenye uso wa mzee aliyeamshwa usingizini. Aliongeza konokono kadhaa na kaa mmoja mdogo. Kwa nyumba aliwawekea kikombe cha kahawa cha mama kilichovunjika mkono, akakilaza ubavu mchangani. Dume alihamia humo siku hiyohiyo.

Baba yake, Jerko, alicheka alipoona. Alikuwa mvuvi, na hakuwahi kuelewa samaki asiyeliwa ni wa nini. Lakini siku zilivyopita alianza kusimama mbele ya kioo kabla hajavua buti. Halafu akaanza kuwasimulia wenzake botini. Halafu akaanza kuleta zawadi.

Ya kwanza ilikuwa changu mchanga mwenye doa jeusi karibu na mkia. Dinka alijua mara moja kwamba huyu angekua mpaka ajae sahani, na kwamba hakuwa wa kukaa kwenye mawe. Alifungua mdomo aseme. Mama yake, Nevenka, akamvuta jikoni.

"Mtu katoka baharini mikono imepasuka kwa chumvi," mama alimwambia kwa sauti ya chini. "Kakubebea kitu kizima ndani ya ndoo, halafu wewe umwambie hakifai? Hapa samaki wa mtu hakataliwi. Sema asante, basi."

Dinka alirudi, akasema asante. Changu akatiwa. Tangu hapo alikuwa akienda na kurudi, kioo hadi kioo, akidokoa konokono. Kila Dinka alipopita kuvaa viatu alimwona, na kila alipomwona alihisi kitu cha moto kinapanda kifuani, akakimeza.

Ya pili ilikuwa samaki mwembamba wa kijani na buluu, kama aliyechorwa kwa kalamu za rangi. Huyo hakumaliza hata usiku mmoja. Asubuhi Dinka alimkuta nyuma ya kabati, amekauka kama ganda la chungwa. Alikuwa ameruka nje. Alimtupia paka wa jirani, akapiga teke kiatu cha baba yake mpaka kikagonga ukuta.

Jioni baba aliinama mbele ya tangi. "Yule wa rangi simwoni. Anaendeleaje?"

"Analala mchangani, baba," alijibu Dinka. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba samaki wa aina ile hujifukia mchangani wakilala, kwa hiyo uongo ulimjia ukiwa tayari umevaa nguo.

"Amezoea?"

"Amezoea. Asante, baba."

Baba alitikisa kichwa kwa furaha, na kesho yake bandari nzima ilijua kwamba binti wa Jerko ana mkono wa kufuga samaki.

Katika siku hizohizo jambo kubwa lilitokea ndani ya kikombe. Ukuta wake wa ndani ulijaa mayai madogo kama punje za haradali, yamebandikwa safu kwa safu. Jike alitaga, akaenda zake. Dume ndiye aliyebaki. Hakutoka hata kula. Mchana kutwa aliyapepea mayai kwa mapezi yake ili maji mapya yayapitie, na changu aliposogea alimrukia usoni bila kujali ukubwa wake. Dinka alimpenda kisamaki yule kwa ajili ya ule ukali. Sasa mayai yalikuwa yameanza kuonyesha macho, nukta mbili za fedha katika kila punje. Mwalimu alisema yakifika hapo, yamebakiza siku chache kuanguliwa.

Ndiyo sababu asubuhi ile, baada ya kumpita Tonči kimya, Dinka alisimama, akarudi nyuma. Alimwambia kwamba kama anajua sana kucheka, aje baada ya shule aone mwenyewe. Tonči akasema atakuja, na kijiko ataleta.

Walipofika mchana, baba alikuwa amerudi mapema. Alikaa mezani na sahani ya maharage, shati lake likinuka chumvi. Dinka hakumsalimia. Alikuwa keshapiga magoti mbele ya kabati la viatu, akimwelekeza Tonči mahali pa kutazama.

Dinka alichungulia ndani ya kikombe. Mayai yalikuwapo, lakini dume hakuwapo.

Kando ya kikombe kulikuwa na jiwe ambalo Dinka hakuliweka. Kisha jiwe likazungusha jicho. Alikuwa škrpun, samaki wa rangi ya mwamba, kichwa kikubwa, miiba ya sumu mgongoni, mdomo unaofunguka kama mfuko. Tumbo lake lilikuwa limevimba. Kwenye pembe ya mdomo ulichungulia mkia mdogo, ukizama polepole.

"Nani katia hiki humu?" aliuliza Dinka bila kugeuka.

"Mimi," alisema baba, mdomo umejaa. "Umemwona? Nimesema, kama wale wengine wamezoea vizuri, huyu naye atazoea. Brudet bila huyo si brudet."

Dinka alisimama. Kile kitu cha moto alichokimeza wiki zote hizo kilitoka chote kwa pamoja.

"Hili siyo sufuria, baba. Ni tangi. Huyo kamla dume wangu, aliyekuwa analinda mayai, na mayai sasa yatakufa. Changu wako anawadonoa konokono wangu. Sikuwataka. Hata mmoja sikumtaka. Wote wanachukiza, na ulivyowachagua unachukiza."

Kijiko cha baba kilibaki hewani. Mama alitokea mlangoni mwa jikoni. Tonči alitazama ncha za viatu vyake.

Baba aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa umeiva. "Nilikuuliza," alisema. "Kila jioni nilikuuliza, wanaendeleaje? Ukaniambia vizuri. Yule wa rangi yuko wapi?"

"Alikufa. Usiku wa siku ileile uliyomleta."

"Na anayelala mchangani ni nani?"

Dinka aligeuza uso kwenye kioo.

"Nimewaambia watu wa boti nzima," alisema baba. "Nimejisifu kama mjinga. Leo nimewazuia wenzangu wasimtie huyo kwenye sanduku la barafu, nikasema ni wa binti yangu." Alivuta koti lake ukutani, akatoka, akaubamiza mlango mpaka maji ya tangi yakatikisika.

Mama alianza kusema kwamba hivyo sivyo mtu anavyozungumza na baba yake. Dinka alimgeukia, macho makavu kabisa. "Wewe ndiye uliyenivuta jikoni," alisema. "Ukaniambia niseme asante."

Mama alichukua sahani ya maharage ambayo haijaisha, akaenda nayo kwenye sinki, akasimama pale bila kufungua bomba.

Tonči ndiye aliyezungumza, kwa sauti ambayo Dinka hakuwahi kuisikia kwake. "Mayai hayajafa bado. Yanatazama." Akaingiza mkono majini, mbali na škrpun, akaanza kuyapungia maji kwa kiganja. Dinka alimsogeza akamwonyesha jinsi ya kupunga taratibu zaidi. Walipokezana hivyo, hasira bado haijamtoka Dinka, na changu akizunguka akiwangoja wachoke.

Mlango ulifunguka tena. Dinka alidhani baba angerudi amelewa, au asirudi mpaka usiku. Alirudi na pampu ndogo ya betri ambayo botini huwapa hewa samaki wa chambo, na glavu nene za kuvutia nyavu. Hakumtazama mtu. Alimtoa škrpun kwa glavu, akamtia ndooni. Akamvizia changu kwa kichujio cha jikoni, akamtia naye. Kisha akalala sakafuni na shati lake la kazi, akaupenyeza mpira wa pampu mpaka viputo vikapita mbele ya kikombe.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anapepea?" aliuliza.

"Punguza kidogo," alisema Dinka.

Akapunguza.

"Muue yule," Dinka alisema, akionyesha ndoo. "Mtie kwenye mchuzi."

"Hana kosa," alisema baba. "Alitiwa penye chakula, akala. Nitawarudisha miambani wote wawili." Alikaa kitako sakafuni, mgongo kwenye kabati, akafuta mikono kwenye suruali. "Kosa langu ni hili: nilichagua kama ninavyochagua siku zote, kwa ajili ya chungu. Kwenye chungu hawalani tena. Sikuwaza. Lakini mimi sijui tangi, Dinka, wewe unalijua. Na ulipojua, uliniambia asante."

"Niliogopa utaumia."

"Na leo sikuumia?" Baba alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ungesema siku ya kwanza, ningenuna mpaka chakula cha jioni, basi. Ulificha, na kila nilipopita ulinikasirikia kwa jambo nisilolijua. Halafu ukanitupia lote kwa siku moja, mbele ya mgeni. Asante ya uongo ni uongo kama mwingine, mwanangu. Ukiona jambo halifai, sema mapema, wakati bado unaweza kulisema kwa upole."

Mama, kule kwenye sinki, alisema bila kugeuka kwamba na yeye ameyasikia maneno hayo, na kwamba yanamhusu.

Dinka aliomba radhi kwa neno lile la kuchukiza. Hakusema kwamba hasira imekwisha, kwa sababu ilikuwa haijaisha, na aliona kwamba baada ya leo asingeweza tena kusema uongo hata huo.

Mayai mengine yalipauka, yakafa. Mengine yaliendelea kutazama. Siku chache baadaye Dinka alipiga tochi kwenye maji akaona vitoto vya babica, vyembamba kama nyuzi, vikiruka kwenye mwanga. Ndani ya tangi hakukuwa na chakula kidogo cha kuenea midomoni mwao, kwa hiyo aliwachota kwa kikombe kilekile, yeye na baba wakawapeleka ncha ya gati. Hawakuonekana hata kidogo walipomwagwa. Baba alivua kofia, kisha akaona aibu, akaivaa.

Jike wa babica alibaki peke yake na konokono na kaa. Dinka hakuharakisha kumtafutia mwenzake. Alirudi miambani kila alasiri, safari hii na Tonči, ambaye alijifunza kuuliza kuhusu mdomo kabla ya kusifu rangi.

Jumamosi moja baba alirudi na ndoo. Hakuingia nayo ndani. Aliiweka kizingitini, akavua buti, akaita.

"Njoo uangalie kwanza."

Dinka aliinama. Alikuwa samaki mzuri kweli, mwenye doa la buluu tumboni, na mdomo mpana uliofika karibu na macho. Mama alikuwa jikoni, na safari hii hakuja kumvuta mtu.

"Hapana, baba," alisema Dinka. "Huyu hafai."

Baba alinuna. Alinuna sawasawa, mikono kiunoni, kama alivyoahidi. Kisha akainyanyua ndoo, akampita kuelekea jikoni, akauliza kama nyanya zipo.