Ijumaa ya Rodney Voss

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mama yake Maren Hruska alipanga vitu vyake ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu kilichomo: chakula cha mchana, miwani, kitana na dawa ya kikohozi. Mkoba wa kawaida hauruhusiwi kupita lango la gereza, na simu aliiacha garini. Baada ya hapo alimbusu Maren utosini, akatoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari huku akinung'unika kwamba Februari ya Nebraska haina adabu.

Mama huyo, Bi Janelle, alikuwa karani wa masjala katika gereza la jimbo la Cutler Bend. Hakushika bunduki wala hakumfungia mtu mlango. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vifungo: huyu aliingia lini, amepunguziwa siku ngapi kwa tabia njema, atatoka lini. Mfungwa akitoka, yeye ndiye aliyekwenda naye mpaka langoni, akahakikisha kwa picha na alama za vidole kwamba anayetoka ndiye mwenye kutoka. Karani akikosea, mtu hukaa ndani bila haki, au hutoka asiyestahili kutoka. Si kazi ya kufanyia mzaha.

Nyumbani palikuwa na sheria moja iliyopita zote, hata ile ya kuvua viatu mlangoni: ya gerezani hayasemwi. "Kule ndani kuna baba za watu, Maren," mama alizoea kusema. "Na mji wenyewe ndio huu. Ukipiga chafya ofisini, unaulizwa dukani kama umepona."

Maren alikuwa na miaka kumi na miwili, na sheria hiyo aliijua vizuri. Shida ni kwamba yeye na Kenna Voss walikuwa chanda na pete, na baba yake Kenna, Rodney, alikuwa amefungwa humo humo gerezani kwa wizi wa mitambo ya shambani. Kenna aliishi na bibi yake, Arlene, mama yake Rodney, mtaa wa nyuma.

Jumatano jioni Maren alikuwa akikunja nguo chumba cha kufulia. Mama yake alikuwa jikoni akizungumza kwa simu na Wendell, karani mwenzake, ambaye mafua yalikuwa yamemlaza nyumbani. Wendell alikuwa na wasiwasi na kazi alizoziacha mezani.

"Pumzika, ndugu yangu, Voss nimemmaliza," mama alisema kwa sauti ya chini. "Punguzo la lile darasa la uchomeleaji limeingia. Ijumaa saa tatu asubuhi anatoka, kama ukaguzi wa mwisho utakuwa safi. Hapana, mwenyewe hajaambiwa bado. Unajua utaratibu, mpaka asubuhi yenyewe."

Maren aliganda, soksi mkononi. Baba yake Kenna anatoka keshokutwa! Moyo ulimwenda mbio hata akakunja soksi mbili zisizofanana. Maneno yote ya mama yalimwingia masikioni, ila lile la "kama" lilipita tu, halikupata pa kukaa.

Siku ya pili, chakula cha mchana shuleni kilikuwa mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga, pamoja na mkate wa mdalasini. Ni siku ambayo hakuna mtoto anayekosa shule. Kenna alikuwa ndiyo kwanza amekaa, Trent, mvulana wa darasa lao, akaanza vituko vyake meza ya pili.

"We Kenna, mwekee baba yako kipande," alisema. "Au kule wanawapa mikate ya mawe?"

"Mwache mwenzio ale," Maren alisema.

"Nimemkataza kula? Mimi namwonea huruma tu. Sisi tunapanda basi kuja shule, na baba yake angeruka ukuta angefika kabla yetu."

Meza nzima iliangua kicheko. Kenna alisukuma sinia lake pembeni, macho yamejaa machozi, na mkate wake ukabaki bila kuguswa. Maren alimtazama kwa huruma. Akamwinamia sikioni.

"Kesho saa tatu asubuhi baba yako anatoka," alimnong'oneza. "Usimwambie mtu."

Kenna alimkodolea macho. "Unanitania, shoga."

"Nikutanie kwa jambo kama hili? Nimemsikia mama."

"Hata bibi nisimwambie?"

Maren alifikiri kidogo. "Bibi sawa. Bibi tu."

Theluji ilianguka usiku huo, na asubuhi ya Ijumaa shule ikatangaza kwamba itafunguliwa saa nne badala ya saa mbili. Mama alikuwa ameondoka mapema. Maren aliona kama bahati imemjia yenyewe. Alivaa mabuti, akashika njia ya gerezani akikimbia, maana furaha hiyo alitaka kuiona kwa macho yake.

Kwenye maegesho mbele ya lango, pikapu ya Bibi Arlene ilikuwa imesimama ikinguruma. Kenna alikuwa nje, amekumbatia koti zito la baba yake lililofuliwa likanukia sabuni. Bibi alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Wajomba wawili walikuwa wamefika kwa gari lao, na mmoja wao alikuwa ameshika puto.

"Maren!" Kenna alimrukia shingoni. "Bibi hajalala. Amepika tangu alfajiri."

Saa tatu ilipita. Lango dogo la pembeni likafunguliwa, na wa kwanza kutoka alikuwa mama yake Maren, amevaa koti lake la kijivu, jalada mkononi. Nyuma yake walikuja askari wawili kutoka kaunti nyingine, ya Barlow. Katikati yao alikuwa Rodney Voss, na alikuwa na pingu mikononi na mnyororo miguuni.

Puto lilimponyoka mjomba, likapaa. Kenna alisimama pale pale na koti lake, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuvuta pumzi.

Rodney alipowaona, naye alisimama ghafla hata askari mmoja akajikwaa. Uso wake ulisawijika. "Mama," alisema, sauti imekauka, "nani amewaambia mje? Mimi mwenyewe nimeambiwa sasa hivi."

Bibi Arlene alijaribu kujibu, miguu ikamkatalia, akakaa kwenye theluji na gauni lake zuri. Rodney aligeuza uso ili bintiye asiuone. Askari wakamwingiza kwenye gari la kaunti, wakafunga mlango, wakaondoka naye. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

Kenna aligeuka taratibu, akamtazama Maren. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ameduwaa tu. Bi Janelle, aliyekuwa bado amesimama langoni, akamwona binti yake pale kwa mara ya kwanza.

Maren hakumbuki alifundishwa nini shuleni siku hiyo. Aliporudi alasiri, gari la mama lilikuwa uani, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mama alikuwa amekaa mezani na koti lake mwilini. Mfuko wake wa plastiki ulikuwa mbele yake na chakula chote kimo.

"Nimesimamishwa kazi mpaka Jumatatu," alisema. "Mimi na Wendell wote. Familia ilijua siku na saa kabla ya mfungwa mwenyewe. Habari hiyo tulikuwa nayo watu wawili tu. Mkuu wa gereza anasema mmoja wetu ameiuza au ameropoka, na Jumatatu lazima mmoja aondoke."

Maren alivuta kiti, akakaa. "Lakini kwa nini walimfunga pingu? Si ulisema anatoka?"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, alitamani ayarudishe. Mama yake hakuyadaka, alikuwa mbali kimawazo.

"Mimi ndiye niliyemzuia," mama alisema. "Asubuhi ya kutoka, kabla ya lango, tunakagua mara ya mwisho kama kuna kaunti nyingine inayomdai mtu. Leo Barlow wameleta hati. Ana kesi ya zamani huko ambayo hakuwahi kwenda kuijibu. Ningefanyaje, nijifanye sijaiona? Yeye aliambiwa polepole, ndani, na mchungaji wa gereza. Akifika Barlow angempigia mama yake simu, wakalia kila mtu kwake. Badala yake mtoto amemwona baba yake na minyororo." Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Nilikuona langoni, nikajua Kenna ndiye aliyekuita. Na mimi nimemwapia mkuu. Nimemwambia, kwangu hata binti yangu hajui ninayoyafanya. Niliapa mbele ya watu, Maren."

Maren aliona wazi mambo mawili. Akinyamaza, huenda lawama ikamwangukia Wendell, mtu wa watu, mwenye watoto watatu na mafua. Akisema, kiapo cha mama kinageuka uongo.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilikusikia Jumatano, ukiongea na Wendell. Trent alikuwa anamcheka Kenna, nikamwambia. Nilidhani namfurahisha."

Bi Janelle alimtazama bila kupepesa. Maren alikuwa amejiandaa kugombezwa, hata kuchapwa kofi, ingawa mama hakuwa na tabia hiyo. Hakujiandaa kumwona mama yake akipigwa na butwaa namna ile, kana kwamba aliyekaa mbele yake ni mtoto wa mtu mwingine. Mtazamo huo ulimuuma kuliko kofi.

"Nikaapa," mama alisema mwishowe, kama anajisemea. Akavua koti lake. "Na mimi nilizungumza ya masjala jikoni kwangu. Sheria nimeitunga mimi, na wa kwanza kuivunja ni mimi. Vaa nguo za heshima Jumatatu. Tutakwenda wote wawili."

Jumatatu, Bwana Tibbets, mkuu wa gereza, aliwasikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Maren alisema yote, na lile la "kama" hakulificha. Alipomaliza, Bwana Tibbets aliketi wima.

"Binti, nimefanya kazi hii tangu sijaota mvi," alisema. "Hakuna aliyewahi kuingia ofisini kwangu kujishtaki bila kuitwa, mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo nitakwambia kama mtu mzima. Mfungwa ana ndugu wanaompenda, na wakati mwingine ana watu wanaomngoja kwa ubaya. Saa ya kutoka ikijulikana, wote wanaweza kuja langoni. Ijumaa tulipata puto. Siku nyingine tungepata risasi. Habari uliyoibeba haikuwa yako, na ulibeba nusu yake. Unaelewa?"

"Naelewa, mzee."

Akamgeukia Bi Janelle, akamwambia kwamba Wendell atarudi kazini siku hiyo hiyo na ataombwa radhi. Bi Janelle atapewa onyo la maandishi, na kwa miezi sita hatagusa kazi ya wanaotoka, atabaki na wanaoingia. "Ungekuja peke yako na hadithi ya kujitetea, ningekufukuza," alimwambia. Mama aliitikia kwa kichwa tu. Walipofika garini alilia, kisha akawasha gari.

Maren alikwenda peke yake kwa Bibi Arlene. Bibi alimfungulia mlango, asimtie moyo wala asimfukuze. Kenna alikuwa ngazini.

"Sikukasirikii kwa sababu hakutoka," Kenna alisema. "Nakukasirikia kwa sababu nikifumba macho naona ule mnyororo. Usingeniambia, nisingeuona."

Maren alisema samahani, ikaonekana ndogo mno kwa jambo lenyewe.

"Mjukuu wangu, ulimwonea mwenzio huruma, hilo nalijua," Bibi Arlene alimwambia akimsindikiza. "Lakini huruma uliifanya kwa mali ya mama yako, bila kumwomba. Siku nyingine mpe mwenzio kilicho chako. Kaa naye. Mnyamazishe huyo Trent." Akamfungia zipu ya koti mpaka kidevuni. "Rudi. Atapoa. Si leo."

Kenna alichukua muda kupoa. Wiki mbili walikaa meza mbalimbali, na siku ambayo Trent alianza tena vituko vyake, Maren alihama meza na sinia lake, akakaa kati yake na Kenna, akaendelea kula. Kesho yake Kenna alimsogezea nafasi.

Machi ilipoanza kuyeyusha theluji, Kenna alimvuta pembeni ya uwanja. "Mahakama ya Barlow imemwachia baba. Amelipa faini, basi. Jumamosi anakuja. Bibi hataki mtu ajue mpaka awe ndani ya nyumba, hataki watu langoni tena." Akamtazama machoni kwa muda mrefu. "Nakwambia wewe tu."

Siku tatu Maren alikula chakula cha usiku na mama yake huku maneno hayo yakimwasha ulimi. Alijua mama angefurahi. Alijua mama alikuwa bado hajalala vizuri tangu siku ile ya lango. Alizungumza habari za hesabu za shule, za paka wa jirani, za mvua.

Jumamosi mchana Bi Janelle alirudi kutoka dukani, mifuko mikononi, na kusimama katikati ya jiko.

"Nimemwona Rodney Voss kibarazani kwa mama yake," alisema. "Amekaa na Kenna, wanakunywa chai. Rodney mwenyewe, na hana pingu." Kisha akamtazama binti yake, ambaye hakuonekana kushtuka hata kidogo. Mifuko ikashuka taratibu mpaka sakafuni. "Ulijua."

"Tangu Jumatano. Kenna aliniomba nisiseme." Maren aliokota mfuko mmoja, akauweka mezani. "Nilitaka sana kukwambia, mama. Ilikuwa ngumu."

Bi Janelle alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Naam, ni ngumu, mwanangu," alisema. "Sasa unajua kazi ninayoifanya kila siku."