Kompyuta Iliyoamkia Juzi

Mke wangu Fransiska alisimama nyuma yangu, akaniuliza taratibu...

"Baba Flavian, sauti ya mama iko wapi?"

Nikalifungua tena faili.

Faili lilikuwepo, jina lake lilikuwepo. Ndani, upepo mtupu!

Ndugu wasomaji, leo nina hasira. Nivumilieni.

Mama mkwe alitutoka mwaka huu. Sauti yake ilibaki kwenye simu ya mke wangu tu, akisimulia vichekesho kwa Kifipa. Siku moja kabla ya swali lile, Fransiska aliihamishia kwenye kompyuta yangu. Jioni ile simu ikafa kabisa.

Sasa mjue mimi ni nani. Bwana mifugo mstaafu. Kule Mtowisa niliwahi kumchoma fahali sindano akalala amesimama, wachungaji wakamfungia ndama wakidhani ni mti. Siku hizi nalaza kompyuta.

Ndiyo, kulaza. Umeme ukikatika na betri ikikaribia kuisha, kompyuta inaandika kwenye diski kila kilichomo kichwani mwake, inazima. Ukirudi, inaendelea pale pale.

Kazi hiyo inafanyika ndani ya kerneli, moyo wa mfumo huria wa kompyuta ambao yeyote duniani anaruhusiwa kuuchangia. Nikaandika programu yangu. Vitus wa Kizwite, rafiki yangu, akaandika ya kwake. Zote zikawemo, zinalala kitanda kimoja!

Sharon, binti aliyesimamia sehemu hiyo ya kerneli, akatutaka tupatane. Tukapatana Kasanga, tukila migebuka, samaki wa ziwani, sahani moja. Vitus angeongeza mstari mmoja tu: programu inayowasha kompyuta ifute kwanza usingizi, yaani ile kumbukumbu ya diskini, ulioachwa na mwenzake.

Sauti ilipokosekana, nikaifungua kerneli mpya nisome.

Mstari haupo...

Nikahesabu siku ile: juzi programu yangu iliilaza kompyuta. Jana ya Vitus ikaiwasha upya bila kufuta chochote, Fransiska akahamisha sauti. Leo yangu ikaukuta usingizi wake, ikaiamsha kompyuta ikiamini bado ni juzi, ikaandika mambo ya juzi juu ya kila kilichofanyika jana!

Kizwite nilikwenda kwa miguu. Upepo ulinisukuma mgongoni, nikafika kabla ya kivuli changu.

Nilimtukana Vitus mbele ya mkewe, matusi niliyokuwa nimewatunzia mbung'o tangu nilipoajiriwa. Nikamwita msaliti. Nikamwambia ile migebuka airudishe.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi mstari niliutuma," akasema. "Sasa jiulize, mzee mwenzangu, anayepokea ni nani?"

"Sharon," nikasema.

Akampigia Sharon, akaweka spika.

"Shikamooni, wazee wangu."

Vitus akamuuliza mstari wetu uko wapi.

"Niliutoa," akasema. "Nyie mkishapatana, ya kwangu nitaiweka wapi?"

Ya kwangu!

Kumbe mpatanishi alikuwa na programu ya tatu, iko tayari kabatini. Anangoja zetu zigongane, watu walalamike, aje na yake kama mwokozi. Nikamweleza habari ya mama mkwe. Akasema hakudhani kuna atakayeumia, yalikuwa majaribio tu.

"Binti," nikamwambia, "umemzika mama yetu mara ya pili."

Vitus akakata simu.

Tukaanika mambo yote mbele ya wachangiaji wenzetu. Sharon akanyang'anywa usimamizi, mstari ukarudishwa. Na mimi na Vitus tumeanza kuziunganisha programu zetu ziwe moja, ingawa tunagombana kila siku.

Wanangu, mtu akija kuwapatanisha, muulizeni kwanza kama naye hana mzigo wake sokoni. Mimi sikuuliza. Nilimkimbilia rafiki yangu na matusi.

Lakini sauti...

Vitus alikuja kwangu tukaipekua diski kipande kwa kipande. Mabaki yalikuwepo, yamevurugika. Mama anacheka kwanza, mwisho wa kichekesho unafuata, mwanzo unakuja nyuma kabisa, katikati hamna kitu.

Vitus akataka ayapange vizuri. Fransiska akamshika mkono.

"Yaache hivyo, shemeji. Mama alikuwa anacheka yeye kwanza, sisi tunaambiwa baadaye."

Akaisikiliza tena. Akacheka, akalia, akaomba irudiwe.

Mimi nikatoka nje. Bado nina hasira.