Goti la Harambee

Mzee Thuo, fundi seremala wa mtaa wa Langas, alikuwa na magoti mawili. La kushoto lilikuwa lake. La kulia lilikuwa la mtaa mzima.

Goti lake lilipolika, majirani walifanya harambee kumchangia pesa za matibabu. Huyu alileta debe la mahindi, yule kondoo. Mama Nanzala wa jirani alitoa jogoo wake, akapigwa mnada. Basi Mzee akaenda Nairobi, akawekewa goti la chuma, akarudi nyumbani Eldoret.

Tangu hapo hakuwa na amani. Akiinuka tu, Mama Nanzala yuko mlangoni.

"Mzee, kaa chini! Jogoo wangu yuko ndani ya hilo goti. Unataka kulimaliza?"

Mkewe, Muthoni, alimwekea mto chini ya goti. Chooni alibebwa na vijana wawili kama gunia la viazi, watoto wakifuata nyuma. Mzee aliona aibu mpaka akapunguza kunywa chai.

Baada ya wiki mbili goti likawa gumu. Halikunjiki, halinyooki. Mzee akaogopa kwamba atabebwa mpaka kufa.

Ndipo akaja Nelima, mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitalini. Kwanza aliutoa mto.

"Nani ameweka huu?"

"Ni mimi," Muthoni akasema. "Nilitaka apumzike."

"Mama, mto hapa unafanya goti libaki limepinda. Weka chini ya kisigino, goti linyooke."

Akamgeukia Mzee. "Kaza paja. Sukuma goti chini, hesabu mpaka tano. Sasa vuta kisigino polepole, goti likunjike. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

"Uuuwi! Inauma!"

"Itauma kidogo. Meza ile dawa ya maumivu uliyoandikiwa, ungoje nusu saa, ndio uanze. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, msingoje. Njooni hospitali siku hiyo hiyo."

Mama Nanzala, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuridhika. "Na chuma kikiisha?"

"Mama, jembe gani hushika kutu? Linalolima, ama lililolala?"

Mama Nanzala akageuka kutazama upande wa kwake. Mumewe alikuwa na jembe la namna hiyo.

Kesho yake sauti ilipita juu ya ua. "Mzee, umekunja mara ngapi?"

"Nane!"

"Bado mbili! Jogoo wangu hakuwa mvivu!"

Mzee alinung'unika, akakunja. Alitembea mpaka mlangoni, fimbo mkono wa kushoto, kisha mpaka uani. Asubuhi moja alikwenda chooni peke yake, akafunga mlango. Muthoni alimsikia akicheka humo ndani, naye akacheka mpaka machozi.

Siku hiyo Mzee alikunywa vikombe vinne vya chai.

Wiki chache baadaye alifika kwa Mama Nanzala kwa miguu yake, jogoo mchanga kwapani.

"Mama, nimekurudishia jogoo wako."

Mama Nanzala hakumtazama jogoo. Alilitazama goti.

"Huyo si wangu," akasema. "Wangu amekuja akitembea."