Boksi la Biskuti Lililovuka Kizingiti

"Fausta, hebu nisikilize. Prosesa hii ya kompyuta ina nguvu, ila ile nyingine hailambi umeme. Ungekuwa mimi, ungechukua ipi?"

"Ningekuwa wewe, Lwitiko, ningekuwa nimeshaoa."

Lwitiko akacheka. Alidhani ni utani. Fausta hakucheka. Alikuwa anakunja vitenge dukani kwake, hatua chache kutoka mpakani, na kila kitenge alichokunja alikipiga kofi kama vile kimemtukana.

"Halafu kuna kadi ya grafiksi," Lwitiko akaendelea, simu mkononi, daftari kwapani. "Hiyo ndiyo inayochora picha za gemu. Iliyopo ni nzuri, lakini wanasema mwezi wa tisa inatoka mpya. Ukinunua leo, kesho unajilaumu."

"Nani wanasema?"

"Watu wa mtandaoni."

"Na hao watu wa mtandaoni wanajua baba yangu anasemaje?"

Mteja kutoka Nakonde akachungulia mlangoni. "Ba sista, ni shinga?"

Fausta akamtajia bei kwa sauti ya kugombana, mama wa watu akarudisha kitenge polepole na kwenda zake.

"Unaona? Umenifukuzia mteja."

"Mimi nimekaa kimya, mama!"

Jamani, huyu Lwitiko! Kijana wa Mbebe, mpole, fundi wa kuhariri video za harusi. Nusu ya maharusi wa Tunduma wamepita kwenye kompyuta yake, amewapunguzia jasho na kuwaongezea muziki. Yake mwenyewe hata barua ya posa alikuwa hajapeleka. Miaka mitatu! Kisa? "Ngoja kwanza nibadilishe mashine." Mashine yenyewe aliinunua akiwa chuo, miaka kumi na moja iliyopita. Feni yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu. Akicheza gemu la mpira na wenzake, penalti inapigwa leo, goli linaonekana kesho. Ni kweli ilihitaji kustaafu, hakuna aliyebisha. Lakini miezi minane alikuwa anachagua vipuri vya mpya, na kwenye daftari lile kila alichokiandika alikifuta.

"Mwenda pole hajikwai, Fausta."

"Anayekwenda, Lwitiko. Wewe umesimama."

Simu ya Fausta ikaita. Ni baba yake, Mzee Nathanaeli, kutoka Itaka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kahawa tumemaliza kuchuma. Sasa nisikilize. Juu ya kabati hapa kuna barua ya kina Deus, yule mwenye malori. Sijaifungua. Jumapili tukitoka ibadani naifungua."

"Baba, mimi Deus simtaki."

"Na huyo unayemtaka, yeye anakutaka? Miaka mitatu nasikia harufu ya chakula, sufuria silioni. Barua yake ikifika kabla sijafungua hii, nitairudisha kwa kina Deus kama ilivyo. Isipofika, usije ukanilaumu."

Simu ikakatwa. Fausta akamgeukia Lwitiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini Jumapili ni karibu mno. Tungesema mwisho wa mwezi, nikishaamua kuhusu madabodi, ule ubao mkuu wa mashine..."

"Toka!"

"Fausta..."

"Toka dukani kwangu! Mchagua jembe si mkulima, na wewe hata shamba huna! Nenda kaoe hiyo madabodi, ikupikie, ikuzalie!"

Akatoka mbio. Daftari likamdondoka, akarudi kuliokota, akatoka tena. Jioni ile ujumbe ukaingia.

"Fausta wangu, nimekosa. Nimeshaongea na Mzee Yonathani, amekubali kuwa mshenga. Jumapili anakuja Itaka na barua, blanketi la mama na vitenge. Kompyuta naiweka pembeni. Nakuapia kwa jina la mama yangu, sinunui hata waya mpaka barua ifike."

Fausta akausoma mara nne. Akajibu neno moja tu.

"Tutaona."

* * *

Jumapili ikafika na baridi lake la mwezi wa saba, lile la Mbozi ambalo halina adabu, linaingia hadi ndani ya soksi. Fausta alikuwa jikoni kwao na mama yake, Elizabeti. Mchele ulikuwa unaungua na wala hakusikia harufu. Macho yalikuwa kwenye pazia la sebuleni. Barua ya kina Deus ilikuwa imeshashushwa kabatini, iko mezani mbele ya baba yake.

"Hodi hapa!"

Ni Mzee Yonathani! Koti limepigwa pasi, boksi la biskuti begani, limefungwa kwa kamba ya bluu. Fausta akashika kifua. Ama kweli leo Lwitiko amekuwa mwanaume.

Wazee wakakaa, wakasalimiana, wakaulizana habari za mahindi. Kisha Mzee Yonathani akakohoa.

"Kwetu Mbebe kuna kijana anakula peke yake. Tumechoka kumtazama. Tumesikia hapa kuna binti anayeweza kumsogezea kiti."

"Binti yupo," akajibu Mzee Nathanaeli. "Ila kijana wenu ni mzito wa miguu."

"Ameshafika, mzee mwenzangu. Barua hii hapa. Na baridi hii hatukuisahau, mama wa nyumba hii tumemletea cha kujifunika."

Vigelegele! Mama Elizabeti akaitwa, akaja anafuta mikono kwenye khanga, akapiga goti, akafungua kamba ya bluu. Akatoa sponji. Akatoa plastiki lenye vipovu. Kisha akatoa dude jeusi, zito, refu kama mkono wa mtoto, lenye feni tatu zimepangana. Akaligeuza. Akalinusa.

"Baba Fausta," akasema taratibu, "wametuletea feni."

"Feni?"

"Feni tatu. Na baridi hii!"

Mzee Yonathani akasimama, akakaa, akasimama tena. Jasho likamtoka katika baridi ile. Kule nyuma ya pazia, Fausta alikuwa ameshalitambua. Kadi ya grafiksi! Picha yake ameonyeshwa mara nyingi kuliko picha za ukweni. Na chini yake ndani ya boksi aliziona ram, prosesa, madabodi, vyote.

Hata waya, alisema. Ameapa kwa jina la mama yake!

Hakungoja kuitwa. Akaingia sebuleni na mwiko mkononi, akapiga simu mbele ya wazee, akaweka sauti ya nje.

"Halo, mpenzi! Barua imefika?"

"Lwitiko, kwenye boksi kuna nini?"

"Blanketi, mama. Blanketi na vitenge."

"Tazama kama kuna boksi jingine hapo kwako, ulifungue."

Ikasikika kamba ikikatwa, boksi likifunguliwa.

"Lwitiko?"

"Fausta... hapa kuna blanketi."

"Na hapa kuna feni tatu!"

"Mungu wangu. Alipokuja Mzee Yonathani asubuhi nilikuwa nasoma kidogo kwenye simu. Nikamwambia chukua hilo chini ya meza, sikuinua macho. Yalikuwa mawili, Fausta. Yanafanana."

"Kwa nini vipuri vilikuwa kwenye boksi la biskuti?"

Ikasikika akikohoa.

"Lwitiko, nakuuliza."

"Nilikuficha. Alhamisi vilipatikana vyote kwa mpigo. Nikaogopa ukija ofisini utaviona."

Alitaka kukata simu. Baba yake akanyoosha mkono, akaichukua.

"Kijana, mimi ni Nathanaeli."

"Shikamoo baba! Baba, naomba radhi sana. Hilo boksi ni makosa. Natuma bodaboda sasa hivi alete blanketi, na hilo arudi nalo..."

"Tulia. Katika ukoo wangu kuna jambo moja, sikulitunga, nimelikuta. Mzigo wa barua ukishavuka kizingiti hiki, hautoki. Ukitoka, posa imetoka nao. Blanketi ukileta ni hiari yako. Lakini bodaboda wako akiondoka na boksi hili, anaondoka na barua yako humo humo. Nami nina nyingine hapa mezani, naifungua."

"Lakini baba, vile ni... nimevitafuta miezi minane."

"Na huyu binti umemtafuta mingapi?"

Mzee Yonathani alikuwa anaangalia viatu vyake. Fausta akaitazama ile simu mkononi mwa baba yake. Alimjua mtu wake. Mtu huyu alitumia wiki mbili kuchagua kipanya cha kompyuta. Wiki mbili! Leo anapewa dakika moja achague, tena mbele ya wazee.

"Baba, naomba nifikirie kido..."

"Lwitiko!" Fausta akapiga kelele, machozi yakamtoka. "Ukimalizia hilo neno, namba yangu ifute!"

Mzee Nathanaeli akaivuta barua ya kina Deus, akaingiza kidole kwenye pembe ya bahasha.

"Libaki!"

"Unasemaje?"

"Libaki, baba! Libaki lote! Na blanketi nalileta mwenyewe!"

Simu ikakatika. Mama Elizabeti, bado amepiga goti, dude limo mapajani, akaachia kigelegele ambacho hakuna aliyemwomba.

* * *

Saa tisa bodaboda ikaingia uani. Lwitiko akashuka, vumbi limemgeuza mzee, boksi la biskuti kifuani.

"We kijana!" Mzee Yonathani akashika kichwa. "Mwoaji haji siku ya barua! Unatutia aibu!"

"Najua mzee wangu. Ila nikimtuma mtu tena atafika na kitu kingine."

Hata Mzee Nathanaeli ilibidi ageuke pembeni, mabega yanacheka. Barua ya kina Deus akamkabidhi jirani airudishe, bahasha haijachanwa.

Fausta yeye hakuwa na cha kucheka. Akamvuta Lwitiko hadi kwenye vichanja vya kahawa.

"Uliniapia."

"Nilikudanganya, Fausta. Sina cha kujitetea."

"Kwa jina la mama yako!"

"Nimeshampigia njiani. Amenitukana mpaka salio likaisha."

"Kwa nini, Lwitiko? Mimi ni nini kwako? Kipuri? Ulikuwa unangoja litoke toleo jipya la mwanamke?"

"Hapana! Wee, hapana." Akajifuta vumbi usoni, likazidi. "Ile mashine ya zamani niliinunua kwa haraka, ikanitesa miaka kumi na moja. Tangu hapo naogopa kukosea. Wewe ndiyo nilikuogopa kuliko vyote. Kipuri kibovu unakiuza. Nikikosea kwako, nitakwenda wapi?"

"Sasa kuogopa huko ndiyo kulikuwa kunanikosea. Hukuliona hilo?"

"Nimeliona leo. Baba aliposema anafungua ile barua."

Akachomoa daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, ule ambao Fausta hakuwahi kuuona. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimechorwachorwa. Huu ulikuwa na mstari mmoja, haujafutwa. *Fausta. Barua. Itaka.* Na tarehe.

Fausta akasoma tarehe. Akasoma tena.

"Lwitiko, hii ni miaka mitatu iliyopita."

"Ndiyo. Sikuwahi kubadilisha."

"Uliniandika miaka mitatu iliyopita, halafu ukafungua ukurasa wa pili?"

Fausta akampiga daftari la kichwa mara moja, mara mbili, mara ya tatu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akamwegemea kifuani na vumbi lake lote.

"Nimechoka na wewe. Unasikia? Nimechoka kabisa."

"Nasikia."

"Basi twende ukampe mama blanketi. Ameshaanza kutafuta swichi ya ile feni."

* * *

Wakafunga ndoa mwezi wa kumi. Siku ya kumuaga binti, watu wakitoa masufuria na magodoro, Mzee Nathanaeli alikuja na boksi la biskuti lenye kamba ya bluu. Miezi yote ile lilikaa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Sasa linatoka nyumbani kwa mkono wangu mimi," akasema. "Fausta, hili ni lako. Usimpe. Mwazime."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana harusi alicheka na machozi yanamlengalenga.

Wiki ya pili ya ndoa, Lwitiko alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi mkononi.

"Mke wangu."

"Abee."

"Hii kadi yako imegoma kuingia. Keisi, hili kasha la kompyuta, ni fupi, imezidiwa vidole viwili. Inatakiwa keisi kubwa zaidi. Nimeona mbili mtandaoni, moja ina kioo pembeni, nyingine inapitisha hewa vizuri, sasa sijui..."

"Ya kwanza."

"Hujaziona!"

"Kadi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi ya kwanza."

Lwitiko akatazama simu. Akashusha pumzi, akabonyeza.

"Nimeagiza."

Fausta akamtazama mume wake. Moyo wake ulijaa.

"Haya inuka, ugali unapoa. Kuna samaki na kuna maharage."

Lwitiko akasogea mezani, akashika kidevu, akakunja uso.

"Sasa hapo..."

"Lwitiko!"

"Samaki! Samaki, mke wangu, samaki!"