Kwanga za Kilometa Kumi na Nne

Hangari ilikuwa tupu.

Mara ya tatu sasa.

Marceline Asumani alisimama mlangoni, bastola ya Glock mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Ndani hakukuwa na sanduku hata moja. Kulikuwa na moto uliomwagiwa maji haraka, bado unatoa moshi. Kulikuwa na alama za matairi. Na majani. Majani ya kwanga, ule mkate wa muhogo ambao Kisangani nzima inakula, yamefunguliwa na kutupwa kila pahali.

Nyuma yake Madame Hélène, mkubwa wa wakaguzi wa silaha, alivua kofia yake ya buluu.

"Walijua tunakuja," alisema. "Tena."

Hélène alikuwa ametoka Ulaya na wakaguzi wanane. Kazi yao ilikuwa kufungua hangari zinazoshukiwa, kuhesabu bunduki na kuzifunga kwa mihuri yenye namba. Kazi ya Marceline, machoni pa watu, ilikuwa kuwatafutia magari, boti, mafuta na vitanda. Kwa ofisi moja ya Kinshasa isiyo na kibao mlangoni, kazi yake ilikuwa nyingine. Mkubwa wake wa huko humpigia kwa Thuraya, simu ya setilaiti.

Thuraya ikalia.

"Samaki iko?"

"Kikapu iko mutupu, patron."

"Kibali cha wakaguzi kinaisha kesho Ijumaa, saa sita mchana. Saa hiyo ikipita, watasaini kwamba jimbo la Tshopo halina silaha za magendo. Saa nane masanduku yatapanda treni ya Ubundu, na hakuna mtu atakayeyagusa. Masanduku sitini, Marceline."

"Najua."

Alijua kuliko patron mwenyewe. Mwaka wa elfu mbili, majeshi ya wageni yalipopigana siku sita ndani ya mji, Marceline alikuwa na miaka kumi na tisa. Mdogo wake Benie alikuwa na miaka tisa. Njia ya makaburi ilifungwa kwa mabomu, basi walimzika nyuma ya jiko, pale mtaa wa Kabondo. Marceline ndiye aliyechimba. Alichimba kwa mfuniko wa sufuria.

Hakutaka mtu mwingine achimbe hivyo.

Aliinama akaokota majani ya kwanga. Akaanza kuyahesabu. Watu wengi wamekula hapa, na watakula tena pahali pengine.

* * *

Mahali pa ukaguzi palijulikana na watu wawili tu, Hélène na yeye. Hakuna simu, hakuna karatasi. Basi siri ilikuwa inavujia wapi?

Saa nne asubuhi alikaa mbele ya depo ya mafuta ya misheni ya wakaguzi, akanunua maandazi, akangoja. Alijua kungoja.

Yannick, mtunza mafuta, alitoka na chaki. Mtu safi, hana kosa. Kila siku aliandika kwenye ubao wa nje, kama alivyofundishwa kazini: MISSION, LITRE 240.

Ng'ambo ya barabara, mwanaume mwenye kofia ya kasketi aliinua simu yake. Akapiga picha ya ubao. Akapanda pikipiki yake, TVS nyekundu, akaondoka.

Marceline alibaki na andazi mdomoni.

Hakuna msaliti. Litre mia mbili na arobaini ni Land Cruiser mbili, kwenda na kurudi, barabara fulani, umbali fulani. Anayejua gari anajua safari.

"Fuata ile nyekundu!" alimwambia motard, dereva wa pikipiki ya abiria, wa kwanza aliyemwona.

"Mama, shika vizuri!"

Walipita sokoni, wakakata kona mbele ya kanisa, wakakosa kugonga mkokoteni wa ndizi. TVS iliingia kwenye villa moja kando ya mto. Barazani alikaa Korvan, mzungu mwenye pasipoti tatu, ambaye kibao chake kilisema anauza mbao.

Korvan alimwona Marceline. Hata hakujificha. Alikuja mpaka kwenye wavu wa ua.

"Madame Logistique! Umepotea?"

"Mimi? Mimi ni mutoto wa hapa."

"Basi unajua mji wako. Umezoea kupoteza. Andika kwamba hakuna silaha, alafu uende nyumbani upike."

"Kupika nitapika, monsieur. Lakini wewe hautajua chungu iko wapi."

Korvan alicheka mpaka akashika tumbo. Marceline alimwacha acheke.

* * *

Papa Anselme alikuwa Kabondo, anafuta mnyororo wa baiskeli. Yeye ndiye mkubwa wa watu wa toleka, zile baiskeli zinazobeba watu na mizigo mjini.

"Papa Anselme, kuna mutu ananunua kwanga mingi siku hizi?"

"Eh, mama Marceline! Unataka kuanza biashara?"

"Jibu kwanza, utacheka nyuma."

"Iko mmoja. Tangu juzi, kila asubuhi mimi mwenyewe navusha kwanga arobaini ng'ambo ya mto. Barabara ya Ubundu, kilometa kumi na nne, kwa ile kiwanda ya mbao ya zamani."

"Ilifungwa lini, ile kiwanda?"

"Miaka sita sasa."

Waliangaliana.

"Na mbao haikule kwanga," Anselme alisema polepole.

"Kesho utanipatia baiskeli kumi na sita. Nataka mapapa wenye miguu, si wenye mudomo."

"Donc mimi nabaki nyumbani?"

Marceline alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Kisha akarudi depo.

"Yannick, andika litre mia tisa. Kubwa, mpaka kipofu aone."

"Mia tisa! Tunaenda wapi, mama?"

"Yangambi. Na si sisi. Ni wewe."

* * *

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Boti ya injini mbili za Yamaha ilishuka mto kwa kelele. Ndani yake Yannick na wapishi wanane, wote wamevaa kofia za buluu.

Motorola, redio ya mkononi ya Marceline, ikakwaruza.

"Kuna mutu nyuma yenu?" Marceline aliuliza.

"Boti moja. Batu saba. Banavua samaki bila nyavu, mama."

"Usiende mbio. Bakule petroli yao."

Saa ile ile, juu karibu na maporomoko, wavuvi walisukuma mitumbwi majini. Kasia tupu, bila injini. Ndani kulikuwa na baiskeli kumi na sita na mapapa wake, wakaguzi tisa, na askari watano wa patron, kutoka Kinshasa, waliovaa jezi za mpira wa miguu.

Ng'ambo, Hélène aliutazama mto wa kukalia nyuma ya baiskeli.

"Marceline, nina miaka hamsini na minane."

"Kaa, Madame. Shika papa kiunoni. Hautaanguka."

Walikanyaga pedali kwenye udongo mwekundu kwa muda wa saa mbili. Karibu na kilometa kumi mlinzi wa Korvan alikaa juu ya gogo, redio sikioni, akisikiliza kama kuna injini. Kabla hawajamfikia, toleka ziliingia njia ya mashamba, nyembamba kama baiskeli yenyewe, ambayo hakuna gari inayoijua.

Anselme peke yake aliendelea na barabara, kwanga zake nyuma, kama kila siku. Pembeni yake alitembea mama mmoja wa kitenge na beseni kichwani.

Mlinzi aliwapungia mkono.

Geti la kiwanda.

"Mzee, umekawia! Njaa itatuua!"

"Nimekuya na mama ya kwanga. Anataka kuona batu banaomaliza shamba yake."

Mlinzi wa geti alicheka. Akafungua.

Marceline alitua beseni. Kwanga ya kwanza. Kwanga ya pili. Chini ya ya tatu, Glock.

"Mikono juu, baba. Pole kwa njaa yako."

Anselme akapiga kengele ya baiskeli.

Nyuma ya kiwanda kengele nyingine ikajibu. Na nyingine. Na nyingine, kumi na tano zote, msitu mzima unalia kengele. Walinzi watano waliobaki waligeuka huku na huku, hawaoni kitu cha kupiga. Askari walipotokea, bunduki zilikuwa chini tayari.

Korvan hakuwa chini.

Alitoka ofisini na bastola, Makarov, na mdomo wa bastola ulikuwa unamwelekea Hélène, hatua nne tu.

"Hakuna mtu anafungua kitu! Ngojeni saa sita, mwende kwenu!"

Marceline hangeweza kupiga risasi. Hélène alikuwa katikati. Mkono wa kushoto wa Marceline ulikuwa bado ndani ya beseni.

Kwanga iliyofungwa vizuri ni nzito na ngumu kama kuni.

Aliitupa.

Ilimpata Korvan kwenye kifundo cha mkono. Makarov iliruka, ikaanguka kwenye unga wa mbao. Askari wawili walikuwa juu yake kabla hajamaliza kutukana.

Hélène alitazama Casio yake. Saa tatu na dakika arobaini. Alitoa karatasi ya kibali, akaisoma yote kwa sauti, kisha akafungua sanduku la kwanza.

Bunduki, bado na grisi.

La pili, roketi.

Waliyahesabu mpaka mwisho. Sitini.

"Nilisoma litre mia tisa!" Korvan alipiga kelele pale chini. "Boti ilienda Yangambi! Mumefika namna gani hapa?"

Marceline alimwonyesha baiskeli kwa kidole.

"Wewe ulisoma mafuta yangu, monsieur. Mimi nilisoma kwanga yako."

Hélène alikuwa anagawa mihuri ya plastiki.

"Namba moja ni yako, Marceline. Umeistahili."

"Nipatie namba tisa."

Hélène alimpatia. Marceline alipitisha muhuri kwenye sanduku, akauvuta mpaka ukalia *ka*. Akauvuta tena. Haukulegea. Aliweka kiganja chake juu yake kidogo, kisha akasimama.

Thuraya ikalia.

"Samaki iko?"

"Kikapu imejaa, patron. Sitini."

"Rudi Kinshasa leo. Ndege iko tayari."

"Ndege ingoje. Sijakula."

Akakata.

Mchana ule alishuka kwenye toleka ya Anselme mbele ya depo. Kengele ya saa sita ilikuwa inalia kanisani. Ubao ulikuwa bado na maandishi yake makubwa. Aliufuta kwa ncha ya kitenge, akaokota chaki ya Yannick.

MISSION, LITRE 0.

Akapangusa vidole, akapanda tena nyuma ya Anselme, na kwanga moja chini ya kwapa.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Kabondo. Nyuma ya jiko."