Koki Kuu Chini ya Sakafu ya Mwanvua

Wenzangu wa Mwanza, na ninyi wa visiwani mnaovuka maji kuja kwa shughuli zenu, sogeeni niwape habari ya nyumba ya Mwanvua, mke wa Mbaruku muuza kanga. Wengi wenu mliteka maji pale. Wengine mlikula pale bila kualikwa, na hakuna aliyewauliza mmetoka wapi.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa na raha yake. Jua likianza tu kupiga mawe ya mlimani, ua umeshajaa ndoo na madebe. Bomba la uani mtaani lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Mwanvua. Nyumba nyingine zote ziliteremka ziwani na kupanda na debe kichwani. Mwanvua hakumfungia mtu mlango. Alikaa kwenye kigoda, chai mkononi, akapokea shikamoo na habari kwa pamoja: nani kaposwa, nani karudishiwa mahari, nani kaonekana Nyamagana na viatu asivyoweza kueleza kavipata wapi.

"Maji chukua," alikuwa akisema, "lakini maneno yaache hapahapa."

Bomba lilipanda ndani ya ukuta wa chumba cha mama mkwe wake, Bi Mwanaharusi. Miguu ya bibi yule ilikwisha nguvu, lakini masikio yalikuwa mazima, na kila habari ya uani aliisahihisha kutoka kitandani kupitia dirishani. Chumba chake kilikuwa cha matofali mabichi yaliyopakwa chokaa, kama vyumba vingi vya wakati ule.

Aliyelifunga bomba alikuwa Luhaga, fundi wa Kisukuma ambaye mikono yake haikufanya kazi mdomo ukiwa umenyamaza. Siku ile wanawake walimzunguka kama wako shuleni.

"Hii mtakayoishika kila siku ni koki," alisema. "Ndani yake mna washa, kijipande cha ngozi cha mviringo. Ukifunga, washa inakalia tundu na maji yanakwama. Washa ikichakaa, koki itadondosha. Hapo dawa ni kubadilisha washa. Msiikaze kama mnakamua nguo."

"Na hicho kilichopinda?" aliuliza Getruda, jirani wa mlango wa pili.

"Kiwiko. Bomba likitaka kukata kona linahitaji kiwiko, kama wewe unavyokunja mkono kula ubwabwa wa watu."

Wakacheka, Getruda akamrushia maji. Luhaga akawaonyesha nyuzi zilizochongwa kwenye chuma, akazungushia katani iliyopakwa rangi ili maji yasipate pa kupenya, akakaza kwa spana yake ndefu ya bomba. Kisha akawapeleka mahali pengine pa ua, penye kishimo chenye mfuniko wa mbao.

"Hii sasa ndiyo koki kuu. Ukifunga hii, nyumba nzima haina maji, hata bomba lipasuke vipande. Mtoto wa nyumba hii akijua jina lake, ajue na hapa."

Mwaka wa Uhuru ukafika. Kila mtaa ulitaka kusherehekea kwa namna yake, na Mwanvua alitaka ngoma ya lelemama ichezwe uani kwake, kina mama wamepanga mstari ndani ya sare, mji mzima ukitazama. Ua wa vumbi haukumfaa. Akamwita Luhaga, ambaye kazi ya saruji pia aliijua, amwagie sakafu.

"Mfuniko huu utaniangushia watu," alisema Mwanvua.

"Nitauweka sawasawa na sakafu. Uonekane tu."

"Uonekane nini? Nimealika mpaka watu wa Kirumba, halafu ndani ya ua wangu pawe na kitu kama kaburi la paka?"

"Bi Mwanvua, na siku maji yakikataa kufungika?"

"Wewe si upo? Au Uhuru ukija unahama?"

Luhaga akakuna kichwa. Jibu alilijua. Lakini pilau ilikuwa inanukia jikoni, na kumkatalia Mwanvua mbele ya wageni wake haikuwa kazi ndogo. "Haya," akasema, "nyumba ni yako." Akamwaga saruji juu ya koki kuu, akaisawazisha mpaka ikang'aa.

Hapo, ndugu zangu, nisimame kidogo. Msimlaumu mwanamke peke yake. Mmoja alitaka sifa, mwingine alitaka sahani, wakaagana wanacheka. Mambo mengi mabaya huanza watu wakiwa wanacheka.

Haikupita muda koki ikaanza kudondosha. To, to, to, mchana kutwa. Kubadilisha washa kulitaka maji yafungwe kwanza, na kuyafunga kulitaka sakafu mpya ivunjwe. Mwanvua akaitazama sakafu yake, akaamua kukaza. Kila aliyeteka maji alikaza kwa mikono miwili. Koki ilipozidi ukaidi, Mwanvua akaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakivuta mpaka kwenye msumari wa dirisha. Sauti ikanyamaza, naye akapumua.

Lakini ule mvuto wa kila siku ulikuwa umelegeza nyuzi za kiwiko, ndani ya ukuta kusikoonekana.

"Mwanangu," Bi Mwanaharusi alimwambia, "ukuta huu unatoka jasho."

"Ni mvua hizi za vuli, mama."

Akapaka chokaa. Ukuta ukawa mweupe kama shuka, kisha ukaota doa jingine.

"Mwanvua, njoo uguse hapa."

Mwanvua akagusa. Kidole kikazama kwenye udongo kama kwenye ugali wa moto. Akakitoa, akakifuta kwenye kanga, akavuta kabati kuziba doa.

"Sikukuu ikipita nitamwita Luhaga, mama. Sasa hivi nikivunja sakafu, watacheza wapi?"

Bi Mwanaharusi akavuta shuka lake mbali na ukuta. Aligeuka akaangalia upande mwingine.

Sikukuu ikaja, na sitaficha, ilipendeza. Santuri ililia, sare zilimeremeta, watu walipanda hata juu ya kuta za majirani ili wapate kuona. Mwanvua aliongoza mstari wa lelemama, na kwa kitambo kile hakukuwa na mwanamke Mwanza aliyemzidi. Alasiri Getruda akaenda kujaza sufuria. Akafungua mpira, akazungusha koki. Koki ikamfuata mkononi pamoja na kiwiko na donge la udongo, na maji yakamrukia kifuani.

"Fungeni koki kuu," alisema Luhaga, sahani ya pilau magotini. Kisha akaiangalia sakafu aliyoimwaga mwenyewe, akaweka sahani chini.

"Iko karibu na nguzo," alisema Mbaruku.

"Hapana, karibu na mlango," alisema Luhaga.

"Fundi, wewe ndiye uliyeizika."

"Bwana Mbaruku, nilisawazisha vizuri mno."

Sururu ikaletwa, wanaume wakaanza kuvunja sakafu hapa na pale. Mwanvua hakuwaangalia. Yeye aliangalia ukuta. Ufa mwembamba ulikuwa unapanda kutoka chini ya dirisha, unapanda taratibu, kama mtu anauchora. Katika ua uliojaa watu vile, ni yeye peke yake aliyejua ukuta ule umelowa tangu lini.

Akaingia mbio. Bi Mwanaharusi alikuwa ameketi kitandani, maji yakipita chini ya miguu yake.

"Nipe kanga yangu ya pili," alisema bibi. "Sitoki mbele za watu namna hii."

"Mama, hakuna wakati."

"Nipe kanga, Mwanvua."

Akampa. Akawaita wachezaji wenzake, nao wakaingia na sare zao, wakakamata kitanda kwa miguu yake minne, wakamtoa bibi akiwa amekaa juu kama bibi harusi. Walikuwa hawajafika katikati ya ua pale ukuta ulipokaa chini. Haukupiga kishindo kikubwa. Ulilegea tu, ukashuka, na mabati yakainama juu yake. Mahali palipokuwa na mto wa kulalia palijaa udongo.

Luhaga alilichongea bomba kigingi, akakizungushia kitambaa, akakigonga mpaka maji yakakoma. Koki kuu ilionekana baada ya ua kuvunjwavunjwa wote, na haikuwa karibu na nguzo wala mlango.

Binti wa bibi, anayekaa Nansio kisiwani Ukerewe, akaja na meli akamchukua mama yake. Mbaruku akajenga chumba upya kwa matofali ya kuchoma, akatia dirisha la kioo. Kilipokauka, Mwanvua akavuka maji kwenda Ukerewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, chumba kiko tayari. Nimekuja tuondoke pamoja."

"Nimesikia ni kizuri sana."

"Basi twende."

Bi Mwanaharusi akamshika mkono, bila hasira. "Ukuta kuanguka, mwanangu, ni kazi ya Mungu na maji. Lakini mimi nilikuita ukagusa. Kidole kilizama, nilikuona, kisha ukavuta kabati. Mimi nitalala hapahapa kwa binti yangu."

Mwanvua akambusu mkono, akaaga. Akarudi na meli ileile, kiti cha pembeni yake kitupu.

FUNZO

Enyi wenye nyumba, kitu kibovu kitengenezeni kingali kidogo. Koki ikidondosha, badilisheni washa, msiifunge mpira. Koki kuu ikae wazi, na kila mkaaji wa nyumba aijue. Ninyi mafundi, msifanye mnachojua ni kibaya kwa kumwogopa mwenye nyumba au kwa ajili ya chakula chake. Na aliye dhaifu nyumbani mwenu akisema ukuta una maji, mwaminini siku hiyohiyo, wageni wawepo wasiwepo. Nyumba iliyojaa watu ni baraka, lakini mgeni wa kwanza wa kuheshimiwa ni yule anayelala ndani. Ukuta hujengwa tena. Mwanvua aliujenga, tena kwa matofali bora kuliko ya kwanza, na mama mkwe wake hakurudi.